Kisanduku cha Fumbo Kathonzweni

Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mimi nimelelewa katika mafumbo. Asubuhi nilikuwa chuoni kwa maalim nikisomeshwa Kurani, na jioni nilikaa pembeni mwa baraza nikiwasikiliza wazee wakitegana kwa mashairi, huyu akifunga na yule akifungua. Nikadhani basi kuwa katika elimu hiyo sina la kufunzwa tena. Kumbe nangojewa na mtoto wa miaka 11 katika mji mdogo wa Kathonzweni, huko Makueni, mbali na bahari na mbali na baraza.

Binti yangu na mumewe wanafanya kazi huko, na wajukuu wangu wawili, wa kiume na wa kike, wanakulia huko. Likizo ya Agosti mwaka jana nilipanda garimoshi Mombasa, nikashuka Emali, nikaingia matatu hadi Wote, na kutoka Wote nikafika Kathonzweni jua likiwa limeinama. Nilichukua halua, mikate ya mofa na hamu ya wajukuu. Halua ilipokewa vizuri. Hamu yangu ndiyo iliyokosa pa kukaa. Mjukuu wangu wa kiume husema Kikamba na wenzake uwanjani, Kiingereza na vitabu vyake, na Kiswahili cha darasani na mamake. Usiku wa kwanza nikamwita: "Njoo mwanangu, nikufumbie jambo nawe ulifumbue." Akamgeukia mamake akamnong'oneza: "Babu anasema nini?"

Msomaji mpenzi, mimi ni mtu niliyekula mkate kwa lugha hii miaka zaidi ya 30. Neno lile lilinichoma. Mtoto hakuwa na kosa. Kosa, kama lipo, ni la sisi tunaowapelekea watoto halua kwa garimoshi na kuisahau lugha nyumbani.

Siku ya pili nikakumbuka jambo alilowahi kuniandikia mpwa wangu anayeishi Uingereza. Alinieleza mchezo ambao yeye na watoto wake huucheza siku za mapumziko: kwenda porini na daftari, dira na muhuri, wakitafuta visanduku vilivyofichwa na watu wasiowajua. Nikasema moyoni, kumbe hili ni fumbo lenye miguu. Hebu tulijaribu.

ASILI YA MCHEZO

Waingereza huuita mchezo huu kwa jina la sanduku la barua, nao una historia yake. Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna nyika pana yenye matope na mawe iitwayo Dartmoor. Mwaka 1854 mtu mmoja wa kijiji cha Chagford, James Perrott, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni katika nyika hiyo, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Kufika hapo kulikuwa na taabu, kwa hiyo kila mgeni aliyefika aliacha kadi ya jina lake ndani ya chupa, iwe ushahidi kwamba miguu yake ilikanyaga hapo.

Baadaye watu wakaanza kuacha postikadi zilizokwisha kuandikwa anwani. Mgeni wa pili akifika, huchukua ile postikadi aliyoikuta na kuipeleka posta. Ndipo lilipotoka jina la sanduku la barua. Kisha zikaja mihuri na madaftari, na visanduku vikaongezeka. Mwaka 1998 gazeti la Smithsonian la Marekani liliandika habari za mchezo huo, nao ukavuka bahari na kuenea kule. Miaka 2 baadaye, Mei 2000, Serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo mtu, Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo katika jimbo la Oregon na kutangaza nambari za mahali pake. Huo ukawa mchezo mwingine, wa kutafuta kwa chombo cha setilaiti, na leo watu huucheza kwa simu ya mkononi.

Mimi nimeuchagua ule wa kwanza, usiotaka simu. Wa simu hukupa nambari, nawe ukazifuata kama punda afuatavyo kamba. Wa muhuri hukupa maneno, na maneno sharti uyafikirie. Kwa Kiswahili nimeupa jina la kisanduku cha fumbo.

VYOMBO VYAKE

Asiwepo wa kusema kwamba hana uwezo. Vitu vitakiwavyo ni vichache, na vingi vimo nyumbani.

Kwanza ni muhuri. Kila mchezaji huwa na wake, nao ndio sahihi yake. Tulinunua raba kubwa za kufutia, tukachora picha kwa penseli, na mimi mwenyewe nikakata kwa wembe, maana wembe si wa kuachiwa mtoto. Mjukuu wa kike, ambaye ana miaka 8, alitaka samaki. Wa kiume alitaka herufi za jina lake. Tulipopiga muhuri wa kwanza herufi zikatoka kinyumenyume, na nyumba nzima ikacheka. Nikamweleza kuwa katika muhuri kila kitu huchongwa kinyume, kama uso ndani ya kioo. Baba yao naye akasema kwamba Ukambani si mahali pa kukosa mchongaji, na ni kweli. Wachongaji wa Kikamba tunawajua hata sisi Mombasa, kwa chama chao cha ushirika cha Changamwe kilichoanzishwa 1963. Lakini kwa kuanzia, raba yatosha.

Hapa nina neno kwa Waislamu wenzangu. Muhuri una heshima katika dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na pete ya muhuri aliyopigia barua zake kwa wafalme. Lakini kisanduku cha mchezo hukaa mchangani na matopeni, na huweza kuangukia popote. Kwa hivyo tusichonge juu ya muhuri huo jina la Mwenyezi Mungu wala neno la Kurani. Chonga jahazi, chonga nazi, chonga kanga au kiatu ukipenda.

Pili ni kibweta cha wino wa muhuri, kama kile cha ofisini. Tatu ni madaftari mawili madogo, moja la kukaa ndani ya kisanduku na moja la kutembea nalo. Nne ni kisanduku chenyewe. Mkebe wa biskuti hushika kutu upesi. Chombo cha plastiki kigumu chenye kifuniko cha kubana ndicho bora, tena kiwe cheupe chenye kuonyesha kilichomo. Usikizungushie mfuko wa plastiki wa dukani. Mifuko hiyo imepigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017. Tano ni dira ndogo, na ukiikosa usihuzunike, kwa sababu nitakayoieleza.

Namna ya kucheza ni hii. Mwenye kisanduku hukificha na kuandika fumbo la kukifikia. Mwenye kutafuta hulifumbua fumbo kwa akili na miguu. Akikipata, hupiga muhuri wake katika daftari la kisanduku na kuandika tarehe, kisha huchukua muhuri uliomo kisandukuni na kuupiga katika daftari lake. Halafu hurudisha kila kitu kama alivyokikuta, kukiwa hapana mpita njia anayemtazama. Hachukui kitu. Hakuna fedha, hakuna dau, na kamari haimo. Faida yake ni alama ya wino tu.

KOSA LANGU LA MTONI

Makueni ni nchi kavu yenye mito ya ajabu kwa macho ya mtu wa pwani. Miezi mingi ya mwaka mto hauna maji ya kuonekana, ila mchanga mweupe uliolala kati ya kingo mbili kama njia kuu. Maji yamo chini. Watu huchimba visima mchangani na kuteka, na mahali pengine wamejenga kuta za mawe na saruji kukata mto, ili mchanga ujikusanye nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji ndani yake, jua lisiyapate. Hayo huitwa mabwawa ya mchanga.

Mimi niliuona mto ule nikaupenda kama mtu aonavyo ufuo wa kwao. Katika ukingo mmoja, chini ya mizizi ya mti, nikaona shimo zuri. Nikasema hapa ndipo. Mjukuu wangu akanivuta kanzu. "Babu, hapa mto utakuja."

"Mto gani?" nikamwuliza. "Hapa pana mchanga mtupu."

Alitaka kusema tena, lakini alinyamaza, kama walivyofundishwa watoto wenye adabu. Nikainama, nikaanza kuchimba kwa mikono.

Hapo ikasikika sauti nyuma yetu. Mama mmoja mtu mzima, jirani ya binti yangu, alikuwa ameweka chini mtungi wake wa plastiki karibu na kisima, ananitazama. "Mzee," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "hapo unazika nini?"

Ndugu msomaji, hebu jiweke mahali pake. Unamwona mgeni wa pwani, mwenye kanzu na kofia, amepiga magoti mtoni mwenu, anachimba, na kando yake pana kisanduku. Wapo watakaofikiri habari za uganga, maana pwani na Ukambani zote zimepakwa sifa hiyo, kwa haki na kwa dhulma. Wapo watakaofikiri mabaya zaidi. Tangu mlipuko wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998, na mingine iliyofuata, nchi hii haicheki na kisanduku kisichojulikana mwenyewe. Na sisi wenye kofia twajua jinsi jicho linavyotutazama nyakati kama hizo.

Kumbe yeye hofu yake ilikuwa nyingine kabisa. "Mchanga huu una wenyewe," akaniambia. Akanieleza kwamba watu wa nje wamekuwa wakija na malori kuchota mchanga wa mito kwenda kuuza kwa wajenzi, na mchanga ukiondoka maji nayo huondoka. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na ndiyo maana kila mtu anayechimba pale huulizwa.

Nilikosa la kusema. Mjukuu wangu ndiye aliyesema. Alimweleza kwa Kikamba, kwa mikono na kwa kicheko, akamfungulia kisanduku, akampigia muhuri wa samaki kwenye kiganja. Yule mama akacheka, akachukua mtungi wake. Kabla hajaondoka alitazama lile shimo langu, akatikisa kichwa, akamwambia mtoto neno moja kwa Kikamba. Nikauliza amesema nini. Mjukuu akatazama chini: "Amesema mto utakuja."

Nami, kwa kiburi cha mtu mzima, nikakiacha kisanduku palepale.

Mvua za mwisho wa mwaka ndizo ambazo watu wa Ukambani huzitegemea zaidi. Ziliponyesha Novemba nilikuwa Mombasa. Nilirudi likizo ya Desemba, na asubuhi ya kwanza tukaenda mtoni. Mti haukuwapo. Ukingo wenyewe ulikuwa umeliwa, na mchanga umelala mpya, laini, kama ukurasa usioandikwa. Ndani ya kisanduku kile mlikuwa muhuri wa jahazi niliouchonga kwa siku mbili, na daftari lenye shairi langu. Nilimtazama mjukuu wangu, nikingojea kicheko, maana nilikistahili. Hakucheka. Alisema tu, "Babu, tutatengeneza kingine. Lakini nitachagua mimi mahali."

HODI KWANZA

Hakuchagua peke yake. Alinipeleka moja kwa moja hadi mlangoni kwa yule mama jirani. Nikapiga hodi kama nilivyopaswa kufanya tangu Agosti. Sisi watu wa pwani twajisifu kwa ustaarabu, twasema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyepiga hodi humponya nani? Na hawa si wageni wetu wa jana. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyoshusha pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi bara na nguo na shanga. Babu zetu walibishiana hodi. Mimi nilisahau.

Mama akatusikiliza. Akasema mtoni hapana, na kwenye mti wenye mzinga hapana, kwa sababu nyuki hawajui mchezo. Akatuonya pia kuwa kabla ya kutia mkono katika shimo lolote la mti, tulichokore kwa kijiti, maana nyoka na nge hupenda makao ya bure. Kisha akatutoa nje akatuonyesha mkwaju mkubwa uliosimama juu, ndani ya shamba lake, mahali ambapo mto haujawahi kufika. Wakamba huuita kithumula. Nilipomwambia kuwa kwetu ukwaju hutiwa katika mchuzi na kufanywa kinywaji cha kufuturia, akamwita mtoto amkusanyie mzee matunda.

Jioni ile tukakaa kibarazani, wajukuu na mimi, kutunga fumbo. Nilitaka liwe shairi, nao wakataka liwe na kitu cha kuchekesha. Wa kiume alihesabu hatua kutoka mlango wa jirani. Tukakosa dira, kwa kuwa ilikwenda na maji. Nikamwuliza, "Tunaswali tukielekea wapi hapa?" Akanyoosha mkono bila kufikiri. Nikamwambia basi unayo dira tayari. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja, kwani Makka na Mombasa zimekaa karibu mstari mmoja wa dunia, na hapo Kathonzweni huinama kidogo tu kuelekea mashariki. Macho yake yalifunguka. Akachukua kalamu. Usiku huo hakumwuliza mamake maana ya neno hata moja; aliniuliza mimi. Na neno la Kikamba nilipolikosa, nilimwuliza yeye. Ubeti wetu ni huu:

Bisha hodi mlangoni, upande wa kuswalia,
Hatua ni thelathini, moyoni wahesabia,
Tunda lake ulimini, uso litakukunjia,
Amebeba mgongoni, fungua kwa kutulia.

Mshororo wa tatu ni wa mjukuu wangu wa kiume. Mimi nilimsawazishia mizani tu. Na lile neno la kwanza tuliliweka kwa makusudi. Fumbo linaanzia mlangoni kwa mwenye shamba, hata asiweze mtu kukifikia kisanduku ila kwanza amemwamkua mwenyewe. Juu ya kifuniko tuliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kikamba, kwamba huu ni mchezo wa familia, na ndani hamna ila daftari, muhuri na wino.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Msomaji mpenzi, huna haja ya kwenda Dartmoor wala Kathonzweni. Anza uani kwako. Ficha kisanduku nyuma ya mtungi au juu ya dari ya kibanda cha kuku, waandikie watoto mstari mmoja wa fumbo, uwaache wahangaike. Wakishazoea, nenda kwa shangazi yao, kwa babu yao, kwenye shamba la minazi la jamaa. Mwenye ndugu Lamu au Malindi aache kisanduku kwa ndugu yake, na fumbo alipeleke kwa barua. Watoto wetu wengi hawajapata kupokea barua katika maisha yao.

Shika mambo machache. Omba ruhusa ya mwenye ardhi. Usifiche karibu na kituo cha polisi, stesheni, shule wala mahali pa ibada. Usiguse magofu, kuta za Gedi na za Ngome ya Mombasa ni amana, si mahali pa kuchokonolea. Usiweke chakula, dawa wala fedha. Fumbo lisiwe gumu hata mtoto akate tamaa, wala jepesi hata asifikiri. Na ukiwa mgeni mahali, mtoto wa hapo akikuvuta kanzu, msikilize.

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia picha ya daftari la kisanduku. Ukurasa wa kwanza una samaki na jina la kaka yake. Wa pili una mihuri ya watoto watatu wa shule, mmoja amechonga mpira. Ukurasa wa tatu hauna muhuri. Una alama ya dole gumba, ya wino, imekandamizwa kwa nguvu, na chini yake mjukuu wangu ameandika kwa Kiswahili chake safi: "Hii ni ya mwenye mti. Amesema yeye muhuri wake alizaliwa nao."